Msichana wa filamuni: tumpime kwa vitenzi vyake

Kuna msichana ambaye kila mpenzi wa filamu amewahi kukutana naye, ingawa jina lake hubadilika. Hutokea ghafla: ndani ya basi, kwenye foleni ya benki, hata matangani. Nywele kazipaka rangi, hucheka pasipochekwa, huvua viatu akacheza mvuani. Kijana anayekutana naye ni mtu wa huzuni. Kafutwa kazi, kafiwa, au kachoka tu na maisha. Saa mbili baadaye kijana kapona. Na msichana je? Hatujaambiwa anaishi na nani, anadaiwa kodi ya miezi mingapi, wala yeye hulia nini akiwa peke yake.

Mwaka 2007 mhakiki Mmarekani, Nathan Rabin, alimpa mhusika huyu jina. Alikuwa akiandika katika The A.V. Club kuhusu filamu Elizabethtown (2005) ya Cameron Crowe, na jina lenyewe ni “Manic Pixie Dream Girl”. Lilienea kama moto wa nyikani. Mwaka 2014 Rabin mwenyewe akajitokeza kuomba radhi kwa kulibuni, kwa kuwa lilikuwa limegeuka jiwe la kumtupia mwanamke yeyote mchangamfu, awe wa filamuni au wa mtaani. Hapo ndipo penye suala la leo. Tumwiteje mhusika huyu kwa Kiswahili? Na tumtambueje bila kumwonea mwanamke anayependa tu kucheka?

Tuanze na jina. Wapo wanaokimbilia “roho huru”. Neno kwa neno tafsiri hiyo ni sahihi, lakini haisemi kitu. Ukimwambia mzee wa kanisa huku Kericho kwamba binti fulani ana roho huru, huenda akadhani ametolewa mapepo. Wanafunzi wangu husema “ana vaibu” au “hana stress”. Wazazi wao husema “hashikiki”. Neno hili la wazazi lina siri ndani yake. Ni kauli ya kutendeka katika ukanushi: hawezi kushikwa. Anayesema kwamba mtu hashikiki, bila shaka alijaribu kumshika au alitamani kufanya hivyo. Kwa hiyo neno linatueleza habari za msemaji kuliko za msichana.

Mimi nimevutiwa na kichimbakazi, neno lililomo katika kamusi zetu kwa maana ya kiumbe wa hadithini mwenye uwezo wa ajabu. Washairi wa pwani nao wanalo neno hurulaini, mwanamwali wa peponi, ambalo humsifia mpenzi aliye duniani. Uzuri wa maneno haya ni kwamba hayamdanganyi mtu. Ukisikia hurulaini unajua uko kwenye sifa za ushairi. Ukisikia kichimbakazi unajua uko kwenye ngano. Basi tuseme kichimbakazi wa ndotoni. Msomaji mwenye neno bora zaidi na alilete.

Jina peke yake halitoshi, maana Rabin alikuwa na jina na bado likamponyoka. Tunahitaji kipimo, nacho Kiswahili kimetuwekea tayari ndani ya kitenzi. Kitenzi chetu hubeba mzigo mkubwa: mtendaji, wakati, mtendwa, na mwishoni kauli inayoonyesha tendo limeelekezwa wapi. Kwa hiyo isimulie filamu kwa Kiswahili, kama afanyavyo DJ Afro aliyejijengea jina kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mitaani. Kisha andika vitenzi vyote vya msichana. Halafu angalia mambo mawili. Je, ni vingapi vilivyobeba kiambishi -m- kinachomsimamia kijana? Na ni vingapi vilivyo katika kauli ya kutendesha au kutendea?

Hebu tujaribu na Elizabethtown. Drew ni mbunifu wa viatu ambaye kiatu chake kimeitia kampuni hasara kubwa. Anataka kujiua, mara anapata habari kwamba babake amefariki. Ndani ya ndege anakutana na Claire, mhudumu wa safari. Claire afanya nini? Anamchangamsha. Anamsikiliza usiku kucha kwenye simu. Anamchekesha. Anamchorea ramani, anamwandalia muziki wa kusikiliza njiani, anamtembeza nchi nzima hata kama hayumo garini. Kila kitenzi kina -m-, na karibu kila kitenzi kina -sh-, -z- au -e- ya kumfanyia mwenzake. Sasa viondoe vitenzi vyenye Drew ndani yake. Claire anabaki na nini? Karibu hana kitenzi chake mwenyewe. Mtu asiye na kitenzi chake si mtu bado. Ni dawa iliyovishwa gauni.

Ruby Sparks, filamu ya mwaka 2012 iliyoandikwa na Zoe Kazan ambaye pia aliigiza kama Ruby, iliweka jambo hili wazi kabisa. Mwandishi wa riwaya anamwandika msichana wa ndoto zake, na asubuhi moja anamkuta jikoni, mzima. Akiandika kwamba Ruby anazungumza Kifaransa, Ruby anazungumza Kifaransa. Mwanzoni tunacheka. Baadaye mwandishi anaogopa kuachwa na anaanza kumwandikia vitenzi kwa nguvu, na kicheko chetu kinakauka. Kazan alionyesha kile ambacho filamu nyingine huficha, kwamba kuna mtu ameketi mahali fulani akiyaandika matendo ya msichana huyu kwa faida yake.

Kipimo hiki hakiwahukumu wachangamfu wote, na ndiyo sababu nakipendekeza. Chukua The Constant Gardener ya mwaka 2005, iliyopigwa sehemu kubwa hapa Kenya, ukiwemo mtaa wa Kibera. Kwa juu juu, Tessa ni kichimbakazi mtupu: mkali, mcheshi, hajali itifaki, na ameolewa na mwanabalozi mpole ambaye raha yake ni kutunza maua. Lakini andika vitenzi vyake. Anachunguza majaribio ya dawa ya kifua kikuu yanayofanyiwa maskini. Anahoji. Anaandika. Anaficha. Anauawa. Ni mumewe, Justin, ambaye baada ya kifo anaanza kumfuata, kumtafuta na kumwelewa. Sasa -m- imegeuka na kumwelekea Tessa. Tunaweza kulalamika kwamba ilibidi afe kwanza ndipo mumewe aamke, na lalamiko hilo lina haki. Lakini kazi anayoifanya Tessa haikuwa ya kumtibu mume.

Au chukua kazi iliyozaliwa katika lugha yetu. Shafi Adam Shafi alichapisha riwaya ya Vuta N’kuvute mwaka 1999, na mwaka 2021 Amil Shivji akaitoa filamu yake. Yasmin ni msichana wa Kihindi wa Zanzibar, enzi ya ukoloni, aliyeozwa kwa mwanamume asiyemtaka. Anatoroka. Kitenzi hicho kidogo, kisicho na -m- yoyote, kinatangulia mapenzi yake na Denge, mpigania uhuru. Kabla hajawa mpenzi wa yeyote, Yasmin ameshakuwa mtu aliyeamua jambo. Tazama na jina la riwaya. Vuta, nami nikuvute. Humo wamo watendaji wawili, na kamba ina ncha mbili. Uchangamfu tunaweza kuupata mahali pengi. Hiyo kamba ya ncha mbili ndiyo adimu.

Sasa turudi kwetu, kwenye majani chai. Video nyingi za muziki zinazopigwa katika milima yetu hii ya Kericho na Bomet zina kichimbakazi wao. Anavaa gauni jepesi, anakimbia katikati ya chai, anageuka nyuma na kucheka. Aliyewahi kuchuna chai anajua mambo hayaendi hivyo. Michai hupandwa karibu karibu na kukatwa iwe kama meza moja ndefu; asubuhi imelowa umande, na matawi yake hayana mzaha na gauni wala na mguu. Huwezi kukimbia humo. Unapenya polepole, umejifunga plastiki kiunoni na kikapu mgongoni, ukitafuta majani mawili na chipukizi.

Linganisha vitenzi. Msichana wa video anamgeukia mwimbaji, anamchekea, anampungia mkono. Msichana wa chai anadamka, anachuna, anapanga foleni, anabishania kilo zake kwenye mizani. Akiwa na kishamba chake anasubiri bonasi. Akiwa kibarua wa shamba la kampuni anahofia mashine ya kuchuna itakayomfuta kazi. Wote wawili wamesimama kwenye chai ile ile. Kijana anayemtazama wa kwanza kila jioni kwenye simu, kesho yake anapishana na wa pili njiani na hamwoni. Au anamwona, lakini anashangaa mbona huyu amenuna.

Hilo ndilo linalonisumbua. Nasoma hadithi fupi za wanafunzi mwaka baada ya mwaka. Kijana wa hadithi amefeli, amefiwa au amekosa kazi, na wokovu wake ni “binti mmoja hivi” anayetokea ukurasa wa tatu akiwa na tabasamu. Haendi kwa rafiki, haendi kwa mjomba, haendi kwa daktari. Anamsubiri binti. Siku moja darasani mwanafunzi wa kike aliuliza: “Mwalimu, na binti akiwa na stress zake, atampelekea nani?” Darasa lilicheka, kisha likanyamaza. Huzuni ya vijana wetu ni ya kweli na inahitaji watu wengi wa kuibeba. Ukimtwika mtu mmoja, ukamwambia pia asiache kucheka, umemdhulumu yeye na umemwacha mgonjwa bila tiba.

Je, basi tuache kuota? La hasha. Eneo letu hili lina ndoto moja maarufu, nayo ni ya wasichana. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet, karibu na mpaka wa Kericho na Bomet wa leo. Humo alirekodi wimbo wa Wakipsigis unaojulikana kama Chemirocha wa tatu, ulioimbwa na Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake kwa mlio wa kinubi kiitwacho chepkong. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika hadi huku.

Jina lenyewe ni somo la fonolojia. Kikipsigis hakitofautishi ch na j kama Kiswahili kinavyofanya, kwa hiyo sauti ya kwanza ya Jimmie na ile ya katikati ya Rodgers zote zikawa ch. Kisha mwanzo wa jina ukaangukia kwenye Che-, kiambishi tunachokisikia katika majina kama Chebet na Cherono, ya wanawake zaidi, ingawa akina Cheruiyot nao wapo. Mgeni akapata jina la nyumbani.

Kwa maelezo ya Tracey, wasichana walimgeuza mwimbaji huyo kiumbe nusu mtu nusu mnyama, mwenye miguu ya swara, na wakamsihi aicheze ngoma ya kuruka kwa nguvu hadi nguo zimvuke. Huyu ni mpenzi wa ndotoni asiyeshikika kwelikweli! Lakini mpime. Kitenzi chake ni kucheza. Katika maelezo hayo hamfariji mtu, hamwokoi mtu. Hao wasichana hawamwombi awaponye. Wanataka kumwona akiruka. Na wamempa miguu ya swara ili pasiwe na shaka: huyu ni wa wimbo. Hakuna binti wa Kapkatet aliyerudi nyumbani akamlaumu mchumba wake kwa kuwa na miguu ya binadamu.

Filamu haina adabu hiyo. Kichimbakazi wake haonyeshi kwato. Anavalia jinzi kama jirani yako, anapanda matatu kama jirani yako, kwa hiyo tunatoka ukumbini tukimdai jirani kile tulichokiona kwenye pazia. Kosa haliko kwenye nywele zake za rangi wala kwenye kicheko chake, na hapo ndipo jina la Rabin lilipopotea njia: lilimbandika alama msichana badala ya kumbandika mwandishi. Kipimo cha kitenzi humrudia mwandishi. Kinamuuliza: mtu huyu uliyemuumba anafanya nini siku ambayo kijana wako hayupo?

Kwa wanaoandika, ushauri wangu ni mwepesi. Kabla binti hajakutana na kijana, mpe vitenzi vitatu visivyo na -m-. Anadaiwa. Anasomea udaktari wa mifugo. Hapendi mvua. Kisha waache wakutane, na uone kama hadithi itakubali kwenda ulikotaka iende. Mara nyingi haitakubali, kwa sababu sasa mko watu watatu mnaoivuta.