Kabla mtoto hajateremka mlima na baiskeli

Jumamosi, kazi za nyumbani zikiisha, watoto wa Marangu, Kibosho, Uru na Machame hutoa baiskeli nje. Kupanda ni kwa kusukuma, jasho likiwatoka. Kushuka ndiko kwenye raha, na ndiko wengi wanakoumia.

Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari, wakati lango la hifadhi la Marangu liko zaidi ya mita 1,800. Barabara zinazounganisha vijiji vya juu na mji hushuka sana, na kona zake nyingi zimezibwa na migomba. Anayeshuka hamwoni anayepanda mpaka wakutane.

Baiskeli ya "atakulia"

Kosa la kwanza hufanyika dukani. Ili kuokoa fedha, mzazi hununua baiskeli kubwa akisema mtoto atakulia. Kwenye uwanja tambarare mtoto atajikongoja nayo. Kwenye mteremko haitawali, kwa sababu miguu haifiki chini na vidole havifiki breki.

Kipimo ni rahisi. Mtoto asimame ameitanua miguu juu ya bomba la fremu, nyayo zote mbili zikiwa chini, na pabaki nafasi kidogo kati yake na bomba. Kwa anayejifunza, akikaa kwenye siti aweze kukanyaga chini. Kisha ashike breki bila kuachia usukani. Akishindwa hata kimoja, hiyo si baiskeli yake bado.

Baiskeli ya mtumba ipite kwa fundi kwanza. Aangalie mipira ya breki, waya zake, tairi na kama usukani umekazwa.

Punguza kabla ya kona

Watoto wengi huingia kwenye kona kwa kasi, kisha hushika breki katikati kwa hofu. Hapo tairi huteleza, hasa penye changarawe au tope la masika. Mwendo upunguzwe mapema, baiskeli ikiwa bado imenyooka. Breki zote mbili zishikwe taratibu. Ya mbele ikibanwa ghafla, mtoto anaweza kurushwa juu ya usukani.

Ni muhimu mtoto ajue kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kushika breki huongezeka takriban mara nne. Mvua ikinyesha, breki zinazobana ringi hukamata vibaya zaidi.

Akiwa ndani ya kona, aache kukanyaga. Pedeli ya upande wa nje iwe chini, ya ndani iwe juu isije ikagonga ardhi. Macho yatazame anakotaka kutokea. Anayekodolea macho shimo mara nyingi huishia shimoni.

Tena abaki kushoto. Kona ya kulia humshawishi kukata njia fupi, na kona ya kushoto iliyoingiwa kwa kasi humsukuma nje. Zote mbili humpeleka upande wa daladala na bodaboda zinazopanda.

Somo la uwanjani

Haya hayafundishwi barabarani. Chupa tano za plastiki zilizojazwa mchanga, zikipangwa kwenye uwanja wa shule, zinatosha. Mtoto azizunguke polepole, kulia na kushoto, kisha ajifunze kusimama kwenye mstari uliochorwa chini. Akiweza mara kumi bila kuangusha chupa, ahamie kwenye mteremko mfupi usiopitiwa na magari, mzazi akiwa chini anamsubiri.

Kofia ngumu ivaliwe hata kwa safari ya dukani, mkanda ukiwa umefungwa chini ya kidevu.

Na pale kona isipoonekana mwisho wake, mtoto afundishwe kwamba kushuka na kuikokota baiskeli si woga. Ataipanda tena mbele, akiwa mzima.