Baiskeli Katika Vilima vya Mizabibu

Wengi wetu mijini huiona baiskeli kuwa chombo cha mtu aliyekosa nauli ya basi. Sivyo ilivyo katika vilima vya Tortona, kaskazini-magharibi mwa Italia. Huko mizabibu imepandwa kwa mistari miteremkoni, na barabara nyembamba hupinda kutoka kijiji hadi kijiji. Magari ni machache. Mwendeshaji husikia mnyororo na pumzi zake mwenyewe. Anayekivamia kilima kwa pupa huishiwa nguvu katikati ya njia. Mwenye busara huweka gia nyepesi mapema, akakanyaga polepole hadi kileleni.

Katika kijiji kimoja cha vilima hivyo, Castellania, alizaliwa Fausto Coppi mwaka 1919, mtoto wa wakulima. Ujanani alifanya kazi ya kupeleka nyama za bucha kwa baiskeli. Baadaye alishinda mashindano ya kuizunguka Italia mara 5, na ya Ufaransa mwaka 1949 na 1952.

Lakini bingwa aliyeishinda milima alishindwa na mbu. Desemba 1959 alizuru Upper Volta, ambayo sasa ni Burkina Faso, akarudi na malaria. Madaktari wa kwao hawakuitambua. Akafariki Januari 2, 1960, akiwa na miaka 40.

Basi Jumapili hii tuipanguse baiskeli ya kazini, tutafute njia tulivu pamoja na watoto. Na homa ikitushika, tukapimwe damu bila kuchelewa.