Kisu cha mfukoni: Okapi ya babu na yale niliyojifunza kisha kuipoteza

Siku si nyingi mwenzetu mmoja wa promosheni aliniona nikitoa kisu mfukoni ili nimenye chungwa. Akashtuka: «We! Agronomu muzima, unatembea na kisu sawa muhuni?» Tulicheka, nikamaliza chungwa langu, nikamgawia nusu. Lakini swali lake lilibaki kichwani, juu si yeye wa kwanza kuniuliza. Kwa hiyo leo nitaeleza kwa nini natembea na kisu kidogo cha kukunja, kwa nini ninavyo vingine nyumbani ambavyo sivitumii hata, na ni wapi nimejifunza (kwa hasara) kutokubeba kabisa.

Nianze na cha babu. Kilikuwa na mpini wa mbao uliopinda kidogo kama ndizi. Juu ya mbao walikuwa wamepigilia alama ndogo za chuma, nyota na mwezi mwembamba. Mgongoni kilikuwa na pete. Ukikifungua kilisema kra-kra-kra, na sisi wajukuu tukisikia ule mlio tulijua kuna muwa unakuja, ao nanasi. Babu alikitumia kwa kila kitu: kukata kamba ya mbuzi, kufungua fuko ya maharagi, kuchonga kijiti cha kutia alama shambani, hata kukata kucha. Alikuwa na masharti yake pia. Kisu unampa mtu kikiwa kimefungwa. Hukifungui mbele ya mtu mnayegombana naye, hata kama unataka kumenya embe. Na hukiachi kwenye suruali inayoenda kufuliwa, juu mama akijikata utanitambua.

Alipofariki, kisu kilinijia mimi, kwa sababu nilikuwa nimechagua agronomia. Chini ya bapa kulikuwa na maandishi yaliyofutika kwa kunolewa miaka mingi. Nilisoma tu «INGEN». Nilifikiri ni jina la mtu.

Nikakipoteza kwa ujinga wangu mwenyewe. Nilikuwa naenda Kinshasa kwa mafunzo, safari yangu ya kwanza ya ndege. Sanduku lilikuwa limekwisha kwenda, kisu kilibaki mfukoni kama kila siku. Kwenye ukaguzi mashine ikalia. Yule wakala hakuwa mkali. Alisema: «Uache hapa, ao utoke inje umupe mutu akurudishie nyumbani.» Inje hakukuwa na mtu wangu. Watu nyuma yangu walikuwa wanasukumana. Nikakiweka kwenye kikapu, katikati ya mikasi na vikata kucha, nikapita. Ndani ya ndege sikusema na mtu. Mama nilimwambia miezi mitatu kisha, na alinyamaza kwa muda ambao sitausahau.

Ndiyo nikaanza kutafuta: kile kisu kilikuwa nini hasa? Na jibu lilinishangaza, juu linatuhusu.

Kile kisu kinaitwa Okapi. Ndiyo, okapi yetu, mnyama wa msitu wa Ituri, yule wa miguu yenye mistari. Wanasayansi wa Ulaya walimpa jina la kitaalamu mwaka 1901, kisha Harry Johnston, aliyekuwa mkuu wa serikali ya Waingereza kule Uganda, kutuma ngozi na mafuvu London. Watu wa msituni walikuwa wanamjua tangu zamani, hilo hatuna haja ya kubishana. Mwaka uliofuata, 1902, watengenezaji wa visu wa Solingen, mji wa Ujerumani, walianza kutoa kisu chenye jina hilo kwa ajili ya soko la Afrika. Basi «INGEN» yangu ilikuwa mwisho wa neno SOLINGEN. Mji huo umefua mapanga na visu tangu karne nyingi, na toka 1938 sheria ya Ujerumani inalinda jina lake: kisu kisichotengenezwa pale hakiruhusiwi kuandikwa Solingen. Mwaka 1988 utengenezaji wa Okapi ulihamia Afrika Kusini, na hadi leo ni kule vinatoka. Kwa hiyo kisu chenye jina la mnyama anayeishi porini Kongo peke yake kilifuliwa Ujerumani, sasa kinafuliwa Afrika Kusini, na sisi tumekuwa wanunuzi tu. Niliposoma hivyo sikujua nicheke ao nikasirike.

Ule mlio wa kra-kra una kazi. Kitako cha bapa kina meno, na mgongoni kuna chuma cha resori kinachoingia kati ya meno moja kwa moja kadiri unavyofungua. Bapa likifika mwisho, resori inalishika, haliwezi kukurudia vidoleni. Ukitaka kufunga unavuta pete, resori inainuka, bapa linaachiliwa. Hakuna parafujo hata moja, ni misumari iliyopigwa kichwa. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuelewa ile mashine kwa kuitazama tu, na mimi naona huo ndio uzuri wake.

Vipo vingine vya ukoo huo ambavyo wapenda visu wanavitafuta. Opinel ni ya Savoie, Ufaransa. Joseph Opinel aliianza mwaka 1890, na 1897 akaifanya kwa saizi 12 zenye namba. Mpini ni mbao ya duara, na tangu 1955 ina pete ya chuma shingoni unayoizungusha ili bapa lisitikisike. Ni kisu cha wakulima, bei yake ya chini, na kwangu ndicho bora kwa mwanafunzi anayeanza. Douk-Douk nayo ni ya Thiers, Ufaransa pia. Ilianza 1929, karatasi ya chuma iliyokunjwa ndiyo mpini. Juu yake wamechora mzimu wa kule Melanesia, kwa sababu walitaka kuiuza visiwa vya Pasifiki, lakini ilipendwa sana Algeria. Haina kifungio, ni resori ngumu tu. Usimwachie mtoto.

Mtu atauliza: na sisi? Wahenga wetu hawakuwa na visu? Walikuwa navyo, tena vya kushangaza, ila havikukunjwa. Mfano ninaoupenda ni ikul ya Wakuba wa Kasai, kisu kifupi chenye bapa pana kama jani, kinachovaliwa kwenye mkanda. Inasimuliwa kwamba mfalme Shyaam, katika karne ya 17, alikataza visu vya vita vya kurusha, akataka wanaume wavae ikul badala yake. Sanamu yake ya mbao iko British Museum, London, na mkono wa kushoto umeshika ikul. Vingine vilifanywa kwa mbao tupu, bapa pia mbao, haviwezi kukata hata ndizi. Yaani mwanaume alitoka nyumbani na kisu kiunoni, na kila aliyemwona alielewa kwamba hakuja kupigana. Fikiri jinsi tulivyogeuka.

Maana leo kwetu, ukweli usemwe, kisu mfukoni kinatisha watu. Na wana sababu. Kwenye barrière moja njiani kwenda shambani waliwahi kunipekua.

«Iki ni nini?»

«Ni kisu, shefu. Iko ya kupandikiza miti.»

«Na miti iko wapi?»

Nilifungua begi: vijiti vya avoka vilivyofungwa kwa gazeti lenye maji, utepe wa plastiki, chupa ya javeli. Akatazama, akanirudishia. Kama lile begi lingekuwa tupu, sidhani ningefika shambani siku ile. Toka pale nina kanuni: kisu kinatembea pamoja na kazi yake. Siku ya kazi kiko ndani ya begi, kimefungwa, karibu na vitu vinavyokieleza. Siku isiyo ya kazi kinabaki nyumbani. Mkutano, mtihani, maandamano, mechi, baa usiku, hapana. Ukiona barrière, usikiguse kabla hujaulizwa, na ukiulizwa sema kabla ya kutia mkono mfukoni. (Na lile chungwa la mwanzo? Nilikuwa natoka shamba, viatu bado na udongo.)

Kwa wale wanaojiandaa kwenda kusoma Ulaya: usifikiri kule ni huru. Uingereza unaruhusiwa kubeba bila maelezo kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, kama sentimita 7.6, lakini kisiwe na kifungio. Okapi inajifunga, Opinel pia, basi zote mbili lazima uwe na sababu ya kweli. Ufaransa, nchi ya Opinel yenyewe, kisu kinahesabiwa kama silaha ukikibeba bila sababu halali. Na ndege, popote, kisu kinaenda kwenye sanduku la chini. Hilo mlishanisikia.

Sasa kazi yenyewe. Kupandikiza avoka ao kahawa kunataka makali yanayopita mara moja. Kisu butu kinaponda ngozi ya kijiti, hakishiki, na mwezi mmoja unakuwa umepotea. Na kuna jambo ambalo wakulima wetu wengi wanalijua kwa machozi: mnyauko wa bakteria wa migomba, ulioonekana Kongo mwaka 2001, kule Masisi. Unasafiri juu ya bapa. Unakata mgomba mgonjwa, unaenda kwa mzima na chuma kilekile, umeupanda ugonjwa kwa mkono wako. Kwa hiyo kila mgomba, kisafishe kwa javeli ao kwa moto. Moto ukizidi unalegeza chuma, javeli inaleta kutu. Mimi natumia javeli, kisha maji safi, kisha nafuta kikauke.

Juu visu hivi vya zamani ni chuma cha kaboni, si inoksi. Vinapata makali haraka kwenye jiwe la kawaida, ila ukikata ndimu ukakiacha usiku, asubuhi kina kutu. Tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo linatosha. Mawese hapana, yanaganda na kunata. Ile rangi ya kijivu inayokuja polepole si uchafu, inasaidia kuzuia kutu, usiisugue kwa msasa.

Na wanaokusanya wanaikataza zaidi, kwa sababu kisu kilichosuguliwa kinapoteza maandishi. Maandishi ndiyo umri wake: Okapi iliyoandikwa Solingen ao Germany ni ya kabla ya kuhama kwa 1988, iliyoandikwa South Africa ni ya kisha. Mimi ninavyo sita tu. Kila kimoja nimekiandikia kwenye daftari: nani alinipa, alikinunua wapi, alikitumia kwa kazi gani. Vitatu nilipewa na wazee waliocheka kwamba nataka «chuma ya zamani», halafu wakakaa saa nzima wakinisimulia. Mzee mmoja, fundi viatu, alikataa kabisa kuniuzia chake. Nimeandika habari zake vilevile, na nafasi ya kisu nimeiacha wazi.

Mwaka jana binamu yangu alinipata na Okapi sokoni, mpini umepasuka, pete si ya asili, lakini neno SOLINGEN linasomeka lote, herufi nane. Niliipeleka kwa mama. Aliishika, akavuta pete, akasikiliza kra-kra-kra mara mbili. Akasema: «Ya babu yako ilikuwa inalia nguvu kuliko hii.» Kisha akaenda nayo jikoni, na hadi leo hajanirudishia.