Kadi ya Kliniki: Usingoje Geti ya Shule Ndio Ukumbuke Iko Wapi

Kabla upite hii stori, nikuulize kitu. Kadi ya kliniki ya mtoi wako iko wapi sai? Kama jibu ni "nadhani iko kwa mathe ocha" ama "iliachwa kwa ile keja tulihama," basi hii ni yako. Na kama hauna mtoi, usitoroke. Yako mwenyewe iko wapi?

Kila Januari, kutoka Gatwekera mpaka Kawangware 46, hii mambo hujirudia. Mathe mmoja wa miaka 21 hivi amejipanga fiti. Uniform iko, doh ya desk imelipwa, birth certificate iko kwa bahasha. Anafika ofisini, mwalimu anauliza, "Na kadi ya kliniki?" Hapo ndio jasho huanza.

Kwani sheria inasema aje?

Kuna place hawana mchezo. California, huko Marekani, walipitisha sheria 2015: mtoto hana chanjo, haingii shule, na kusema "imani yangu hairuhusu" haisaidii. Unaachiliwa tu kama daktari amesema mwili wa mtoto hauwezi.

Kenya hatuna sheria kali hivyo ya surua na polio. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka kila mtoto asome. Lakini Sheria ya Watoto nayo inahesabu chanjo kama kazi ya mzazi, pamoja na chakula, nguo na mahali pa kulala. Kwa hivyo mwalimu akiuliza kadi hajakufukuza, anauliza kama umefanya kazi yako. Ukiambiwa urudi nayo, usikae na mtoi kwa nyumba hadi muhula wa pili. Mwambie unaenda kliniki leo, umwombe siku chache.

Najua wasee wengi wakiskia "chanjo" na "lazima" wanakumbuka Novemba 2021, serikali iliposema bila chanjo ya Covid hupati huduma zake. Korti ikasimamisha hiyo order Desemba. Sawa, lakini usichanganye. Hiyo ilikuwa order ya haraka. Hizi za watoto zimekuwa kwa ratiba ya taifa tangu 1980, na kwa hospitali ya serikali unadungiwa bure.

Daycare: hapa ndio noma iko

Unajua daycare za mtaa. Room moja ya mabati, watoi kumi na kitu, godoro moja, dirisha dogo. Unalipa soo ama chini, unakimbia job. Surua inasafiri kwa hewa, kwa hivyo room kama hiyo ni kama imetengenezewa yeye. Na kwa daycare mingi hakuna mtu huuliza kadi.

Ratiba iko hivi. Akizaliwa anapata BCG ya TB na polio ya matone. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 anarudi: polio, chanjo ya nimonia, ya kuhara, na penta, yaani sindano moja inayozuia magonjwa matano, kama pepopunda, kifaduro na homa ya ini aina ya B. Miezi 9, surua na rubella. Miezi 18, surua na rubella tena.

Hiyo ya miezi 18 ndio watu huruka. Mtoi ashaanza kukimbia, mathe amerudi job, nani anakumbuka kliniki? Na dozi ya kwanza peke yake haishiki kila mtoto: kwa kila watoi 100 waliodungwa miezi 9, karibu 15 bado wanaweza kushikwa. Dozi ya pili ndio inafunga hiyo pengo. So kabla uache mtoi daycare, muulize mwenye hiyo place: "Hawa wengine wamechanjwa?" Si kiburi. Na yeye akikuuliza, usikasirike.

PP1 kupanda juu

Shule nyingi huuliza kadi mtoto akiingia PP1. Lakini chanjo haziishii hapo. Julai 2025 nchi nzima ilipewa chanjo ya typhoid, miezi 9 hadi miaka 14, na sai iko kwa ratiba ya miezi 9. Kwa nini inatuhusu? Watafiti wa KEMRI na CDC walifuatilia typhoid Gatwekera na Soweto, wakaona inashika watu wa Kibera mara kadhaa kuliko watu wa Lwak huko Siaya. Waliolemewa zaidi walikuwa watoi wa miaka 5 mpaka 9. Yaani wale wa PP2 na lower primary, wenye wananunua maji ya barafu na smokie nje ya geti.

Alafu kuna ya HPV, ya kuzuia kansa ya mlango wa kizazi. Ilianza Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Kama una sistako wa Grade 5 ama 6, muulize kama alipata.

Na wewe wa chuo?

Nilipojiunga na chuo (nilitoka, hiyo ni stori ya siku ingine) nilipewa fomu ya medical. Imeuliza chanjo gani nimewahi pata. Nikatick "ndio" kila mahali, kwani nani anakumbuka? Mwaka uliofuata niko mjengo, msumari ukaingia kwa mguu. Nurse akaniuliza lini nilidungwa ya pepopunda mara ya mwisho. Nikanyamaza kama mwizi. Nikadungwa tena.

Kama unaingia kozi ya afya, nursing ama lab, tarajia kuulizwa homa ya ini B. Ukianza upya ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Haimalizwi na wiki moja ya kuripoti, kwa hivyo anza mapema.

Kadi ilipotea. Sasa?

Huku kwetu kadi haipotei juu ya uzembe tu. Kuna moto. Kuna mafuriko. Julai 2018 tingatinga zilipitisha barabara katikati ya Kibera, maelfu ya watu wakalala nje. Nani aliokoa kadi?

Fanya hivi. Rudi kwa kliniki ile mtoi alidungwa, na jina na tarehe ya kuzaliwa. Huwa wanaandika kwa rejista. Wakimpata, wanakujazia kadi mpya. Muangalie pia mkono wa kushoto, chini ya kiwiko: BCG mara nyingi huacha alama hapo. Wakikosa rekodi kabisa, nurse atapanga zile anafaa kudungwa kulingana na umri. Kurudia chanjo nyingi haiumizi mtoto. Kukosa ndio huumiza.

Kitu hufai kufanya ni kununua kadi iliyogongwa muhuri na msee wa mtaa. Najua iko. Inakupitisha kwa geti, sawa, lakini surua ikiingia hiyo darasa haisomi muhuri. Na siku mtoi atalazwa, daktari atasoma hiyo kadi na kuamini uwongo wako.

Leo jioni tafuta hiyo kadi. Piga picha kila page, tuma kwa WhatsApp ya mathe yako, ya sistako, ya mtu yeyote hapotezi simu. Kama kuna sehemu haijajazwa, kesho asubuhi enda kliniki. Enda mapema, laini huwa ndefu.