Fahamu: Kwa nini ndege waimba usiku mijini

Akaaye mjini, katika Uingereza au Marekani, huenda akaamshwa saa nane za usiku na sauti ya ndege aliyetua juu ya nguzo ya taa akiimba kana kwamba alfajiri imekwisha pambazuka, wala hiyo si nuksi kama wadhanivyo wapiga ramli. Ndege hupima wakati kwa nuru. Jicho lake lipokeapo mwanga wa umeme, mwili hupunguza melatonini, homoni ya usiku. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2025, kwa msaada wa vinasa sauti vilivyotawanyika duniani, ulibaini kwamba penye taa nyingi muda wa ndege kuimba hurefuka kwa wastani wa dakika 50 kila siku, hasa kwa wenye macho makubwa na wale wajengao viota vya wazi. Ila tusizilaumu taa peke yake: huko Sheffield, Uingereza, mwaka 2007, wataalamu walionyesha kwamba robin, yule mdogo wa kifua chekundu, huimba usiku zaidi palipo na makelele mengi mchana, maana dume hana budi asikiwe na jike na hasimu pia. Bulbuli wa Ulaya, kwa upande wake, hukesha kwa tabia yake ya asili, khususan dume asiyepata mwenzi.