Miezi ya Kungoja: Mwombaji wa Hasamba na Milango ya Vyuo vya Sanaa

Elimu ya juu ya uchoraji, uchongaji, ufinyanzi na upigaji picha ina kipindi kimoja ambacho miongozo ya vyuo hukipita haraka, nacho ni miezi inayotenganisha siku ambayo maombi ya udahili yanatumwa na siku ambayo jibu linapokelewa. Kwa anayeomba shahada ya uzamili, yaani shahada ya pili ambayo husomwa na mtu aliyekwisha kuhitimu ya kwanza, kipindi hicho aghalabu huanzia Desemba au Januari na kuishia Machi au Aprili, na anapoomba ufadhili pia huweza kusogea hadi katikati ya mwaka. Kukitazama kutoka Hasamba, katika wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, kuna faida yake, kwa sababu mambo ambayo mwombaji aliyeko London au New York huyahesabu kuwa usumbufu mdogo, hapa, karibu kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, huonekana kwa ukubwa wake wote.

Kiini cha maombi ya chuo cha sanaa ni jalada la kazi, yaani mkusanyo wa picha za kazi ambazo mwombaji amezitengeneza mwenyewe, mara nyingi kati ya 15 na 20, zikiambatana na vipimo, mwaka na malighafi ya kila kazi. Pamoja nalo huenda tamko la msanii, ambalo ni maelezo mafupi ya kile anachokishughulikia na kwa nini anakishughulikia, transkripti ya shahada ya kwanza, barua mbili au tatu za mapendekezo kutoka kwa walimu wake, na, kwa vyuo vingi vinavyofundisha kwa Kiingereza, matokeo ya mtihani wa lugha hiyo kama vile IELTS. Katika miji ya Songwe kama Vwawa na Tunduma kazi ya kuskani vyeti na kujaza fomu za mtandaoni hufanywa zaidi steshenari, ambako wahudumu wamezoea dirisha la udahili la vyuo vya ndani na maombi ya mikopo ya wanafunzi, na ambako mchoro uliopigwa picha kwa simu chini ya taa ya tyubu huingia katika jalada ukiwa na rangi ambazo mchoraji hakuzikusudia. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa wanaohukumu hawaioni kazi yenyewe katika duru ya kwanza. Wanaiona picha yake tu. Saa nazo zina hesabu yake: chuo cha New York kinachofunga maombi dakika moja kabla ya saa sita usiku, katika majira ya baridi ya huko, kinafunga saa mbili kasoro dakika moja asubuhi ya siku inayofuata kwa saa za Mbozi, na ofisi za chuo hicho zikituma majibu saa za kazi, barua pepe huingia Hasamba kati ya jioni na usiku wa manane.

Kinachoendelea upande wa pili katika miezi hiyo hakifanani na usahihishaji wa mtihani, na kutoelewa tofauti hiyo ndiko kunakozaa sehemu kubwa ya uchungu wa kungoja. Mtihani wa taifa husahihishwa kwa mwongozo wenye alama, na aliyefikisha alama za ufaulu hufaulu hata kama waliofaulu pamoja naye ni maelfu, ilhali jopo la walimu wa chuo cha sanaa huchagua kundi la watu watakaofanya kazi jirani kwa jirani kwa mwaka mmoja au miwili. Kila mwanafunzi wa uzamili hupewa sehemu yake ya karakana, ambapo ataacha turubai zake zikikauka au udongo wake ukiwa umefunikwa, na kwa sababu hiyo idadi ya nafasi hupimwa kwanza kwa kuta, tanuri na vyumba vya giza vya kusafishia picha. Chuo cha Sanaa cha Yale, nchini Marekani, ambacho huendesha shahada yake ya uzamili katika fani nne, yaani uchoraji na uchapaji, uchongaji, upigaji picha na usanifu wa michoro, huingiza watu wachache sana katika kila fani kwa mwaka. Katika jopo la namna hiyo, mchoraji wa tatu anayeshughulikia mandhari ya mpakani anaweza kuachwa kwa sababu wawili wamekwisha kuchukuliwa, au kwa sababu mwalimu ambaye angemsimamia yuko likizo ya utafiti. Ndiyo maana jalada lilelile hukataliwa na chuo kimoja na kukubaliwa na kingine katika wiki moja, bila hila ya mtu yeyote.

Jopo hilo pia hulisoma jalada kwa macho yaliyofundwa mahali fulani. Sehemu kubwa ya sanaa ya Tanzania inayojulikana duniani haikupitia chuoni: Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, aliwafundisha vijana waliomzunguka jijini Dar es Salaam kupaka rangi za kung'aa kwenye vibao, na wachongaji wa Kimakonde walirithishana ufundi kwa mtu kukaa karibu na fundi. Mwombaji ambaye mikono yake ilianzia katika uandishi wa vibao vya maduka ya Tunduma au katika michoro ya kuta za makanisa ana hazina ambayo jopo la ng'ambo huenda lisiitambue mpaka tamko lake liifafanue, na tamko lililonakiliwa kutoka katika vielelezo vya mtandaoni, lenye maneno makubwa yasiyoshika kitu, huificha zaidi. Kwa maoni ya makala hii, ukurasa huo mmoja unastahili muda mrefu kuliko maombi mengine yote yakijumlishwa.

Baada ya duru ya kwanza huja usaili, ambao siku hizi hufanyika kwa video kwa walio mbali, kisha hutoka majibu ya namna tatu, yaani kukubaliwa, kukataliwa, na kuwekwa katika orodha ya akiba, ambayo ni orodha ya watu watakaoitwa iwapo waliochaguliwa wataikataa nafasi. Hiyo ya tatu ndiyo inayoeleza ukimya wa majira ya Aprili. Vyuo vingi vya Marekani vimetia saini makubaliano ya Baraza la Vyuo vya Uzamili la nchi hiyo, ambayo yanampa mwombaji aliyeahidiwa nafasi pamoja na ufadhili haki ya kutolazimishwa kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Kutokana na makubaliano hayo, mtu mwenye ahadi za vyuo vinne huweza kuzishika zote hadi tarehe hiyo, na walio katika orodha za akiba za vyuo vitatu kati ya hivyo hawawezi kupata jibu kabla yake, hata kama jopo lilikwisha kumaliza kazi mwezi Februari. Ukimya huo hausemi lolote kuhusu ubora wa kazi ya anayengoja. Unasema kwamba kuna mtu mwingine, katika mji mwingine, ambaye bado hajaamua.

Kalenda ya Mbozi haikupangwa kwa ajili ya kalenda hiyo. Mvua za huku hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, hivyo maombi huandaliwa wakati wa kupanda na kupalilia mahindi, na ada ya maombi, ambayo kwa vyuo vya Marekani ni dola makumi kadhaa na mara nyingine hufikia 100 kwa kila chuo, hutafutwa katika miezi ambayo fedha za kaya zimekwenda kwenye mbolea na ada za shule. Jibu la heri likija Machi au Aprili, vyuo vingi, hasa vya Uingereza, humtaka mwanafunzi wa kigeni alipe amana, yaani sehemu ya ada inayotangulizwa ili nafasi isipewe mtu mwingine, na hutoa wiki chache tu za kuilipa. Kahawa ya Mbozi, ambayo ndiyo zao la fedha la familia nyingi, huanza kuvunwa Mei au Juni, ikapita kwenye chama cha ushirika na mnada kabla malipo hayajamfikia mkulima. Nafasi inaweza kupotea katika pengo hilo la miezi miwili mitatu, na katika takwimu za chuo ikaandikwa kwamba mwombaji aliikataa.

Hata hivyo amana ni kizingiti kidogo kikilinganishwa na kungoja kwa pili, yaani kungoja fedha za masomo yenyewe. Udahili na ufadhili ni maombi mawili tofauti, yanayoamuliwa na watu wasioulizana, na mara nyingi kukubaliwa katika moja ni sharti la nyingine. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, ulioanzishwa mwaka 1983, humtaka mwombaji ataje kozi tatu na kuziombea udahili mwenyewe huku akingoja usaili wa miezi ya mwanzo ya mwaka, na majibu yake hutoka takriban Juni. Nchini Ujerumani vyuo vingi vya sanaa vya serikali havitozi ada ya masomo, jambo linalovutia sana mpaka mwombaji anapofika kwenye viza, ambapo hutakiwa kuonyesha akaunti maalumu yenye karibu euro 12,000 za kujikimu mwaka mmoja, zaidi ya shilingi milioni 30, ambazo atazitoa kidogo kidogo kila mwezi akishafika. Nyumbani, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imeelekeza nguvu zake nyingi kwenye shahada ya kwanza, na Samia Skolashipu iliyoanza mwaka 2022 inalenga masomo ya sayansi. Mchongaji hamo katika hesabu hiyo.

Historia inaonyesha kwamba mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alisoma Makerere, nchini Uganda, katika shule ya sanaa iliyotokana na madarasa aliyoyaanzisha Margaret Trowell miaka ya 1930, akabaki kufundisha hapo, kisha akaenda Slade, shule ya sanaa iliyo chini ya University College London, kuanzia mwaka 1952 hadi 1955. Wakati huo Makerere ilikuwa na uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, ambao ulianza mwaka 1949. Ntiro aliondoka akiwa mwalimu wa chuo na akarudi kufundisha kwenye chuo hichohicho, mpaka mwaka 1961 alipoteuliwa kuwa Balozi wa Tanganyika mjini London. Kungoja kwake, kwa urefu wowote kuliokuwa nao, kulibebwa na taasisi iliyomjua, iliyojua kazi yake, na iliyokuwa na haja naye atakaporudi. Mwombaji wa leo hubeba kungoja huko peke yake, akiwa na simu, bando na nenosiri.

Majina makubwa ya Afrika Mashariki yanayotajwa ili kuwatia moyo vijana yanahitaji kusomwa kwa uangalifu kwa sababu hiyohiyo. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alipata shahada ya uzamili ya Yale mwaka 2000, lakini alikuwa amesoma sekondari Wales na shahada ya kwanza Cooper Union mjini New York. Michael Armitage, naye wa Nairobi, aliingia katika shule ya Royal Academy ya London akitoka Slade, iliyo katika jiji hilohilo. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyeondoka Kenya mwaka 1971, alihitimu Royal College of Art mwaka 1982 baada ya miaka mingi ya masomo Uingereza, na Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar aliyeshinda tuzo ya Turner mwaka 2017, alipelekwa Uingereza akiwa mtoto mchanga. Vipaji vyao havina shaka. Ila wote waliomba uzamili wakiwa tayari ndani ya nchi husika, wakiwa na walimu ambao barua zao zilitambulika na kazi ambazo jopo lingeweza kuziona kwa macho, na hakuna hata mmoja aliyeomba kutoka mahali panapofanana na Hasamba.

Kuna milango iliyo karibu zaidi, na ajabu ni kwamba huzungumziwa kidogo. Shule ya sanaa ya Makerere, ambayo sasa inabeba jina la Trowell, hutoa shahada ya uzamili ya sanaa, na Chuo Kikuu cha Kenyatta, nchini Kenya, vilevile. Safari ya kwenda huko ni ya basi, na viza haihitajiki. Nafasi Art Space, iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2008, huwapa wasanii karakana na mafunzo bila kuwadai shahada, na jalada lililojengwa mahali kama hapo huwa na picha nzuri na watu wa kuliandikia barua. Aliye karibu zaidi na hali ya Ntiro ni mhitimu anayebakizwa chuo kikuu kama mkufunzi msaidizi, ambaye mwajiri wake humtarajia akasome uzamili na kurudi, lakini nafasi za namna hiyo katika idara za sanaa ni chache mno.

Wengine wanaoweza kubebwa na mwajiri ni walimu wa shule za serikali, ambao miongoni mwao wamo wachoraji wengi wa mikoani. Mwalimu wa Mbozi anayetaka kwenda masomoni bila kupoteza ajira huandika barua ya kuomba ruhusa, ikapitia kwa mkuu wake wa shule hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, na jina lake linatakiwa liwemo katika mpango wa mafunzo wa mwajiri. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na mipango yake huandaliwa miezi kadhaa kabla, wakati majopo ya vyuo vya ng'ambo bado yanapitia majalada, kwa hiyo mwalimu anayengoja barua ya udahili ifike ndipo aombe ruhusa hukuta mpango umekwisha kufungwa, na anayetaka kuuwahi hulazimika kuomba ruhusa ya kwenda kwenye chuo ambacho bado hakijamjibu.