Shosho Ana Meno, Mimi Nina Pengo

Krismasi iliyopita nikiwa ushago, shosho wangu wa miaka 81 alikuwa anatafuna mahindi choma, yale magumu kabisa. Mimi wa miaka 26 nilikuwa napukuchua punje moja moja na vidole. Akanitazama, akacheka: "Kumbe mzee hapa ni wewe."

Na usiniambie ni damu ya ukoo. Shosho alikulia mahali sukari ilikuwa ya wageni, na kwake hulali bila kupiga mswaki. Mimi nilikuwa nazunguka tao na soda ya nusu lita kwa begi, napiga funda moja kila baada ya muda. Hapo ndipo tunajimaliza. Kila ukionja kitu kitamu, bakteria mdomoni hutengeneza asidi, na mate huchukua kama nusu saa au zaidi kuituliza. Ukiongeza funda kabla haijatulia, meno yanaoga asidi mchana kutwa. Ganda la juu la jino likishaliwa, halimei tena.

Wewe wa miaka 22 unayeona damu ukitema dawa ya meno, usilaumu mswaki. Mara nyingi ni ufizi umeanza kuugua, na ugonjwa huo hukaa kimya miaka mingi hadi meno yalegee. Wavuta sigara ndio hudanganyika zaidi, maana sigara hupunguza hata hiyo damu.

Gego langu lilianza kuuma nikiwa 23. Nikameza dawa za maumivu za duka kwa miezi. Kufika kliniki, kutibu mzizi ilikuwa bei ya kodi ya nyumba, kung'oa ilikuwa bei ya viatu vya mtumba. Ningefanya nini? Sasa meno ya jirani yanainamia pengo na nyama inanasa humo kila siku.

Japani walianza kampeni mwaka wa 1989: fika miaka 80 ukiwa na meno yako 20. Wakati huo walioweza hawakufika mmoja kati ya kumi. Utafiti wa 2016 ulikuta ni zaidi ya nusu. Damu ya ukoo haibadiliki kwa miaka 27, wasee. Mazoea ndiyo hubadilika.

Siku hizi soda nainywa na chakula, naimaliza, basi. Usiku nasugua dakika mbili, natema bila kusukutua maji ili floraidi ibaki kazini. Shosho bado ananichagulia mahindi laini.